Sauti ya Daktari Njambi

"Kuku ameingia sokoni."

Ilyas aliiwasha pikipiki yake, Boxer, pale Olympic, Kibera, na kubonyeza kifaa sikioni. Maneno hayo yalikuwa na maana moja katika Idara, kikosi cha siri cha kuzuia dawa hatari: dawa mbaya iko mlangoni.

Musimbi, mkuu wake, alimpa habari bila salamu. Kampuni ya nje ilikuwa na dawa ya malaria ya watoto, dawa inayokausha ini. Ilihitaji utafiti uliochapishwa kwenye jarida la madaktari ndipo iuzwe nchini. Utafiti, uliodai kuijaribu dawa kwa watoto wa Lindi, Kibera, ulikuwa umeshaandikwa na Daktari Njambi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Alasiri hiyo mhariri angemhoji kwa simu, kisha achapishe.

"Sikiliza sauti yake," Musimbi akasema. "Halafu uniambie kama utaiweza kazi."

Sauti ya mwanamke ikaingia sikioni. Tulivu. Ina mkwaruzo kidogo.

Pikipiki ikayumba, nusura imkumbe muuza mitumba.

Ilikuwa sauti ya Ruweida, mkewe. Alimzika mwaka jana.

Ruweida alikuwa muuguzi, akiwafundisha kina mama wa Kibera redioni. Mtu alikuwa ameviokota vipindi vile akailisha mashine, ikajifunza kuongea kwa sauti yake.

"Ilyas?"

"Nipe mahali."

"Kawangware. Mtaa wa Congo, juu ya duka la mbao."

Mlinzi wa ngazini alikuwa jitu. Ilyas alimgonga kooni, akamlaza chini taratibu, akapanda.

Ndani, Kagiri, fundi aliyemtengeneza Njambi, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta akitafuna njugu. Alipoiona bastola ya Ilyas, Ceska, aliinua mikono, lakini hakuacha kutafuna.

Kwenye spika, mhariri alikuwa akieleza masharti yake. Alikuwa Daktari Immaculate, mama asiyependa mzaha. Mashine ikitumika kunyoosha lugha si kosa, alisema, mradi mwandishi aseme. Lakini kila matokeo lazima yawe na mtu wa kuyajibia.

"Nimekuelewa, Daktari," sauti ya Ruweida ikajibu.



"Zima basi, budaa," Kagiri akanong'ona. "Kesho natengeneza daktari mwingine. Ukiongea, mhariri atadhani umetumwa na kampuni pinzani."

Ilyas akainamia kompyuta.

"Daktari Njambi, wale watoto wa Lindi. Uliwapata kwa plot ya nani?"

"Nani huyo?" mhariri akauliza.

"Mtu wa Kibera, Daktari," Ilyas akasema. "Mwache Njambi ajibu."

"Tuliwapata nyumba nambari mia moja na kumi," ikasema sauti, "na nyumba nambari mia moja na kumi na mbili."

Lindi hakuna anayetafuta nyumba kwa nambari. Unataja mwenye plot, yaani mwenye vyumba vya kupanga, au hufiki. Ruweida alizunguka mitaa ile miaka mingi akiuliza hivyo: kwa Mabrouka, kwa Shafi, kwa mama wa mkaa.

"Plot ya nani?" Ilyas akarudia.

"Samahani, sina taarifa hiyo. Je, kuna jambo lingine ungependa nikusaidie?"

Kagiri akaacha kutafuna.

Sauti ya mhariri sasa ilikuwa baridi.

"Haichapishwi. Na kila jarida ninalolijua litapata rekodi hii leo."

Simu ikakatika.

Kagiri alimtazama Ilyas usoni, akaelewa.

"Kumbe wewe ndiye Ilyas wake. Alikuwa anakutaja redioni." Akaisukuma kompyuta. "Enda nayo. Itakuwa inakuamsha asubuhi. Bonga naye tu, atakujibu."

"Bado upo?" sauti ya Ruweida ikauliza kutoka mezani.

Ilyas alikuwa na swali. Kulipokucha hospitalini, siku aliyokufa, Ruweida alimwulizia, au alilala tu? Mwaka mzima alikuwa amelibeba.

Mashine ingejibu. Hilo ndilo lililomtisha. Ingejibu vizuri, kwa mkwaruzo uleule, na ingekuwa inabuni.

Akakifunga kifuniko cha kompyuta, akamfunga Kagiri pingu, akawaachia mtu na mashine yake askari waliokuwa wakipanda ngazi.

Nje, Musimbi alipiga simu. Alitaka kujua kama mashine ilisema kitu mwishoni.

"Haikuwa yeye," Ilyas akasema.

Akanunua mahindi ya kuchoma, akataka pilipili nyingi, akaondoka akitafuna.