Tundu la Msumari

Mama Hyasinta alikutwa amelala kifudifudi kando ya jiko lake, kata bado iko mkononi. Sufuria ya togwa ilikuwa imejaa. Alionja tu, kama alivyozoea kuonja kabla ya kumuuzia mtu, na kuonja kule ndiko kulikowaokoa wateja wake waliokuwa wakimsubiri sokoni Musoma.

"Sumu," alisema daktari akinawa mikono. "Nadhani ni dawa ya wadudu, hii ya pamba. Sampuli ziende maabara."

"Iliwekwa kwenye togwa?" aliuliza Inspekta Masatu.

"Kwenye togwa, au kwenye maji aliyoipikia."

Masatu alivua kofia. Alimfahamu marehemu. Kabla ya biashara ya togwa, mama huyu alichakura jaa la mji miaka mingi, akiokota chupa, vyuma na madebe. Watu wa jaani walikuwa wakiitwa wahuni, wakifukuzwa kwa virungu. Baada ya Azimio la Arusha, Masatu ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mji akawatetea mpaka wakapewa vitambulisho na ushirika wao, na lori la taka likawa linawashushia mzigo kwa heshima. Mwenyekiti wao alikuwa Bernado, ambaye Mama Hyasinta alimlea jaani tangu akiwa mdogo. Katika kazi yote ya upolisi, hilo ndilo jambo Masatu alilojivunia.

Koplo Felisiani alikwishamkamata mkwe wa marehemu, Wankyo. Majirani walikuwa wamewasikia wakigombana.

"Maji ulichota wewe?" Masatu aliuliza kituoni.

"Mimi, afande."

"Mligombania nini?"

"Ananisemaga mvivu. Jana nikamjibu vibaya." Wankyo alijifuta macho kwa upande wa kanga. "Sasa nitamwomba nani msamaha?"

"Maji uliyatia kwenye chombo gani?"

"Debe jipya. Alilileta mwenyewe kutoka ushirika. Akalishika juu, likaangalia jua, akachungulia ndani. Akasema hili zima, tia maji."

"Alichungulia nini?"

"Sijui. Kila debe anafanyaga hivyo."

Masatu alirudi kwenye ile nyumba, akamimina maji yaliyobaki kwenye chupa ya kielelezo, akaligeuza debe. Kitakoni palikuwa na doa dogo la lehemu, limesuguliwa vizuri likang'aa kama bati lenyewe. Alilikwangua kwa kisu. Chini yake lilitokea tundu la msumari.

Madebe ya dawa ya pamba yalifika jaani kutoka kwa wakulima wa Bunda. Alipanda Landrover mpaka kijiji cha Kabasa, akamkuta mkulima aitwaye Luhende akifunga dume lake la ng'ombe.

"Dawa ikiisha, debe tunalitoboaga kitako," Luhende alieleza. "Msumari mmoja tu, lisibebe maji tena. Ni Mama Hyasinta alitufundisha, alikuwaga anapita huku kuokota na kijana wake Bernado."

"Na mtu wa jaani akiona tundu?"

"Anajua ni sumu. Hilo la kuezekea tu."

"Asipoliona?"

"Basi debe halina neno. Kwani vipi, afande? Kuna ubaya?"

Masatu alishukuru, akaingia garini. Alipopita Makutano, penye barabara ya kwenda Butiama, alitamani gari liharibike asifike Musoma.

Bernado alikuwa jaani, amevaa kitambulisho kifuani. Nyuma yake madebe yalikuwa yamepangwa juu kwa juu, tayari kupakiwa.

"Haya yanakwenda wapi?"

"Kwenye kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Butiama. Watu wamehamia, hawana vyombo vya kuchotea maji."

Masatu akamwonyesha lile debe, kitako juu. Bernado alilitazama, kisha akakaa chini palepale kwenye majivu.

"Nani aliziba?"

"Mimi."

"Kwa nini, Bernado? Wewe unalijua tundu hili kuliko mtu yeyote."

"Tuliahidi madebe mazima, afande, hayakutosha. Mnunuzi wa kile kijiji akasema tukishindwa, kazi wapewe watu wengine, sisi turudi kuzurura." Alishika kitambulisho chake kifuani. "Niliyasugua kwa mchanga na majivu, nikachemshia maji, nikanusa. Nilidhani yametakata."

"Dawa imejificha kwenye maungio ya bati."

"Sikujua. Na sikujua mama atachukua kwenye rundo lile. Angeniuliza ningemzuia!"

"Akuulize nini? Alitafuta tundu, hakuliona."

Bernado akalia kwa sauti, hata wenzake wakaacha kuchambua wakasogea. Masatu alijua kesho mjini watasema nini: tuliwaambia, watu wa jaani si wa kuaminiwa. Vitambulisho vile havingemaliza wiki.

Alitoa pingu. Bernado akainua mikono, kisha akaishusha.

"Afande, naomba kwanza msumari na nyundo."

"Vya nini?"

"Kwenye rundo hili nimechanganya mazima na niliyoziba. Ni mimi tu ninayeyajua. Watu wa Butiama watatia maji ya watoto."

Koplo Felisiani, aliyekuja naye jaani, alitikisa kichwa kukataa. Masatu akazirudisha pingu mfukoni, akamwamuru Felisiani alete vifaa, ashuhudie, na kila debe litakalotobolewa liwekwe kando kama kielelezo.

Bernado alipiga magoti. Alipapasa kitako cha debe la kwanza kwa kidole gumba, akatoboa. Akachukua jingine, akaliacha. Akatoboa lililofuata. Wanaushirika walisimama wakiangalia ahadi yao inavyoharibika, na hakuna aliyemwambia aache.

Alipomaliza alilishika debe la mwisho juu, akachungulia ndani. Jua likaonekana kitakoni.

"Hivi ndivyo alivyonifundisha," alisema, akampa Masatu mikono yake.