Fundi Njoo-Kesho

Fundi cherehani wa mtaa wetu ana mikono ya dhahabu. Lakini tulimwita Njoo-Kesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila siku. Mimi, jirani yake, nilingoja sketi miezi mitatu. Nilipoipata, nilikuwa nimeshanenepa.

Hakuwa mvivu. Asubuhi na mapema yuko kwenye cherehani. Anaanza kola, anakumbuka zipu, anaiacha zipu, anatafuta mkasi ulio mfukoni mwake. Mezani kuna gauni lisilo na mikono na suruali yenye mguu mmoja.

Siku moja binti yake alikuja dukani na kitambaa cheupe. Alikuwa anaolewa baada ya wiki nane.

"Mama, usikasirike," alisema. "Gauni langu nampelekea fundi mwingine."

"Mpelekee, mwanangu," alijibu fundi. Binti alipoondoka, fundi alilia kama mtoto.

Muuguzi wa zahanati alikuwepo. Alikuja kufuata sare yake mara ya nne. Badala ya kugomba, alivuta kiti.

"Dada, umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu utotoni. Shuleni waliniita Upepo. Nilichapwa, nikaapa nitabadilika. Wapi! Labda mimi ni mjinga tu."

"Mjinga hashoni kola kama hizi. Kuna hali inaitwa ADHD. Ubongo hupata shida kutulia kwenye jambo moja na kupanga muda. Huanza utotoni, na wengi huwa nayo hata ukubwani. Si uvivu wala malezi mabaya. Lakini mimi siwezi kukupima kwa macho. Nenda kliniki ya afya ya akili."

"Watu waseme nimekuwa kichaa?"

"Waache waseme. Wewe unajitunza."

Alikwenda. Daktari alimuuliza mengi, ya utotoni na ya sasa, kisha akamthibitishia kwamba ana ADHD. Alimweleza kuhusu dawa na akampangia siku ya kurudi.

"Gauni unalishonaje?" daktari aliuliza. "Lote kwa mpigo?"

"Hapana. Nalikata vipande kwanza."

"Basi na kazi yako ikate vipande."

Fundi alimweleza binti yake yote. Binti alimkumbatia, akamkabidhi kile kitambaa cheupe. "Lakini ukichelewa, Mama, nitaolewa nimejifunga shuka!"

Tangu siku hiyo, mezani hukaa nguo moja tu. Nyingine ziko kabatini. Ukutani kuna karatasi: leo mikono, kesho kiuno. Kengele ya simu yake hulia kila nusu saa, naye husimama kidogo kunyoosha mgongo. Na mimi huenda kukaa naye, nikichambua maharage yangu. Simshonei chochote. Akiwa na mtu karibu, hatangitangi.

Siku nyingine bado humshinda. Siku hizo hajitukani tena. Anaanza upya.

Wiki moja kabla ya harusi, binti alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya woga.

"Mama, nije lini?"

"Njoo leo."

Alikuja mbio. Gauni lilimkaa vizuri sana. Ila mgongoni palikosekana kifungo kimoja. Fundi alicheka, akachukua sindano, akaanza kukishona papo hapo.

"Usitikisike, nitakuchoma," alisema.

Lakini binti alikuwa analia, na mabega hayakutulia. Fundi akangoja, sindano mkononi, mpaka mwanawe alipomaliza kulia. Kisha akamalizia kifungo.