Aliyefungwa Anunue Soda

Jina alilopewa na wazazi wake, watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Swichi, kwa sababu alikuwa fundi umeme. Taa ikizimika kwa mtu, Swichi aliitwa. Naye alikuja na begi lake la vifaa, tumbo likitangulia.

Kazi yake ilikuwa ya kuinama na kupanda. Asubuhi alipiga magoti kufunga soketi. Mchana alipanda ngazi na kuingia darini kupitisha waya. Mke wake alikuwa mshonaji. Kila mwaka aliipanua ovaroli ya mume wake, na kila mwaka alilalamika. Swichi hakujali.

"Mwili ni afya," alisema.

Siku moja aliitwa shuleni. Taa ya ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa ikiwaka na kuzimika ovyo. Swichi alisimamisha ngazi chini ya tundu la dari, akapanda. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likakataa.

"Fundi, vipi huko?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Nimekwama kidogo, Mwalimu."

"Nikuvute au nikusukume?"

"Vuta, Mwalimu! Taratibu lakini!"

Alivutwa miguu mpaka akatoka, na mikwaruzo kiunoni na vumbi masikioni. Mwalimu mkuu alijizuia asicheke, akashindwa. Kisha alisema jambo lisilochekesha hata kidogo. Wakati wa likizo kubwa, shule nzima ingewekwa waya mpya. Kila darasa lilikuwa na tundu kama lile.

"Kazi nataka kukupa wewe, maana nakuamini," alisema. "Lakini uje na fundi mwembamba. La sivyo nitatafuta mtu mwingine."

"Nitakuja naye," Swichi alijibu haraka. Fundi huyo hakuwa naye, wala hakujua atamtoa wapi.

Nyumbani mke wake alicheka mpaka akaacha kushona.

"Ni afya gani hiyo inayokwama kwenye tundu, baba watoto?"

"Usinicheke. Kazi hii ikienda, nyingine zitafuata. Fundi umeme asiyeingia darini ni fundi wa nini? Unga wetu utamwagika."

Mke wake akaona kwamba mambo si mzaha tena.

"Basi sikiliza," alisema. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na mtaka cha darini sharti apungue. Twende kwa Nesi."

Nesi alikuwa jirani yao, mwanamke mcheshi asiyeficha neno. Alimpima Swichi presha. Alimuuliza kuhusu kifua, magoti na usingizi.

"Presha imeanza kupanda," alisema. "Lakini umekuja mapema. Unaweza kufanya mazoezi, bora uanze polepole."

"Na chakula? Nife njaa?"

"La. Ukijinyima kabisa, kesho utakirudia chakula kwa hasira. Punguza wanga kwenye sahani, ongeza mboga. Halafu njoo kwenye ukumbi wa mtaa jioni, tucheze mpira wa vinyoya."

"Kile kitu chenye manyoya kama kifaranga? Si mchezo wa watoto huo?"

"Njoo uone huyo mtoto," Nesi alisema.

Swichi alikwenda. Wavu ulikuwa umefungwa katikati ya ukumbi. Upande wa pili alisimama Kinyozi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Kinyoya kilikwenda kushoto, Swichi akapiga hewa kulia. Alikimbia mbele, kikaangukia nyuma. Muda si mrefu alikuwa akihema kama mvukuto. Nesi akasimamisha mchezo.

"Unakimbilia wapi, Fundi? Cheza kwa kiasi cha kuweza kuzungumza, ila usiweze kuimba. Ukishindwa hata kuzungumza, umezidisha. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, acha papo hapo."

"Sawa, Nesi."

"Na kabla ya kucheza, tembeatembea, unyooshe viungo. Hayo mabuti ya kazi yaache nyumbani. Vaa raba."

Swichi alifuata maneno hayo. Siku zilivyopita, alianza kukipata kinyoya. Akaanza kuupenda mchezo, na zaidi aliwapenda wachezaji wenzake. Pale ukumbini watu walitaniana, walipeana habari, walicheka. Na walikuwa na sheria moja. Aliyefungwa aliwanunulia wenzake soda na keki. Nesi hakuijua sana sheria hiyo, kwa kuwa alikuwa akiwahi zamu ya usiku. Swichi aliijua vizuri. Kila mchezo ulipokwisha, alikaa na wenzake akanywa chupa ya kwanza kwa kiu, na ya pili kwa mazungumzo.

Baada ya miezi miwili, mke wake alichukua futi ya kushonea na kumpima kiuno. Akapima tena. Akaikunja futi.

"Sema," Swichi aliomba.

"Kimeongezeka."

Swichi alitupa raketi kitandani. Aliumia kweli. "Mchezo huu unadanganya watu! Nimetoka jasho bure. Kesho siendi."

"Ngoja kwanza. Mkimaliza kucheza, mnafanya nini?"

"Tunakaa kidogo."

"Mnakaa na nini?"

Swichi alitazama pembeni. "Na soda. Na keki."

Mke wake hakubishana. Alimwita Nesi. Nesi aliomba glasi ya maji na kopo la sukari. Akatia kijiko cha chai cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Nesi, sukari yangu!" mke alilia.

"Vumilia, dada." Nesi aliendelea mpaka vijiko vinane, akakoroga. "Kunywa, Fundi."

Swichi alionja, akakunja uso. "Nani anaweza kunywa kitu hiki?"

"Wewe. Chupa moja ya soda ina sukari karibu kiasi hiki, nawe unakunywa mbili. Jasho lako si mafuta, ni maji. Maji yalipwe kwa maji. Ukicheza kisha ukanywa hivi, unatwanga maji kwenye kinu."

"Kwa hiyo mchezo haufai?"

"Unafaa sana! Ulipoanza ulikuwa ukihema kama nini? Sasa unacheza huku unabishana na Kinyozi. Moyo wako umeshapata nguvu. Kiuno nacho kitafuata, ukiacha kukilisha sukari. Papo kwa papo kamba hukata jiwe."

Kesho yake Swichi alisimama mbele ya wenzake.

"Jamani, tubadili sheria. Aliyefungwa asinunue soda. Akunje wavu na afagie ukumbi. Kunywa, tunywe maji."

"Bila soda raha iko wapi?" Kinyozi alipinga. "Sema tu huna hela!"

"Nifunge basi, tuone nani atafagia."

Walicheza. Swichi hakuwa na haraka. Alikipeleka kinyoya mbele, halafu nyuma kabisa. Kinyozi alikimbia, akachelewa. Watu walipiga makofi, na mtu mmoja akampa Kinyozi ufagio.

"Fagia, ndugu. Kazi ya kufagia nywele umeizoea!"

Kinyozi mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo soda haikuonekana tena ukumbini. Siku zisizo na mchezo, Swichi alikwenda kazini kwa miguu. Jioni alikula mboga nyingi na wali kidogo. Zilikuwapo wiki ambazo kiuno hakikupungua hata kidogo, naye hakukata tamaa. Presha ikashuka. Mke wake akafumua ovaroli, na kwa mara ya kwanza akaipunguza.

Likizo kubwa ilipofika, mwalimu mkuu aliingia darasa la kwanza kuona kazi. Aliona ngazi. Aliona begi la vifaa. Mtu hakumwona.

"Fundi Swichi!" aliita. "Uliniahidi fundi mwembamba. Yuko wapi?"

Sauti ilimjibu kutoka darini, ikiwa na furaha tele.

"Yuko huku juu, Mwalimu. Hebu nisaidie hiyo waya."