Nilimpisha Editha Akasome, Akanitelekeza Zahanatini

Nina miaka thelathini na sita. Ni muuguzi wa ngazi ya cheti katika zahanati moja ya huku bondeni, mbele ya mto Lumemo, ambako mvua zikikolea hata bodaboda wanagoma kuja. Sijaolewa na sijajaliwa mtoto. Ndugu wasomaji, nikionekana mkali mnivumilie, maana jambo hili bado linaniuma...

Zahanatini tulikuwa wauguzi wawili tu, mimi na Editha. Tulisoma cheti darasa moja, tukapangiwa kituo kimoja, tukaishi nyumba moja. Tulikula chungu kimoja, tukavaliana kanga. Editha alikuwa na binti mdogo, Anjela, ambaye baba yake, mkata miwa wa kule Kidatu, alimkana akiwa bado tumboni.

Sote wawili tuliota stashahada. Lakini mganga mfawidhi, yaani mkuu wetu wa kituo, alisema wazi kwamba wauguzi wawili hawawezi kwenda masomoni kwa pamoja. Nani atazalisha wajawazito? Atangulie mmoja, akirudi ndipo aende mwingine. Vituo vidogo vingi hufanya hivyo, na hatukuona ubaya wowote.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Niliomba mapema, nikakubaliwa, na chuo nilikuwa nimeshapata. Editha akalia. Alisema akisubiri mpaka nirudi, mtoto atakuwa ameshaanza shule na itakuwa vigumu kumwacha. Roho yangu ikalainika. Nikamwambia, "Tangulia wewe, shoga yangu. Anjela niachie mimi."

Siku hiyo mama yangu mzazi alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Mahenge. Editha akapiga magoti mbele yake, akamwambia, "Mama, siku nitakayorudi ndiyo siku Skola atakayoondoka." Mama akamwekea mkono kichwani akambariki. Ningemtilia shaka vipi mtu aliyeapa namna ile?

Akaondoka, nikabaki peke yangu. Kliniki ya watoto, chanjo, vidonda, uzazi, vyote vikawa vyangu. Nilizalisha huku Anjela amelala kwenye benchi nje ya chumba, nikanawa, nikambeba, nikaenda kumpikia ugali. Alikuwa akiniita mama. Mwanzoni nilimsahihisha, baadaye nikaacha. Niseme uongo? Nilifurahi.

Masika ya mwaka uliofuata, simu ikatoka Mahenge kwamba mama amezidiwa. Nikaomba ruhusa. Mganga mfawidhi alinionea huruma kweli, lakini alikuwa na wajawazito wawili waliokaribia kujifungua, na muuguzi wa kuazima kutoka Ifakara alikwama kwa sababu barabara ilikuwa imefunikwa na maji. Nilipopata njia, mama alikuwa ameshazikwa. Nilikuta udongo wa kaburi bado mbichi na jamaa wameanza kuondoka. Shangazi akaniuliza kazi gani hiyo isiyomruhusu mtu amzike mama yake. Nilijifariji kwamba Editha yu karibu kumaliza, na zamu yangu inakuja.

Kweli akamaliza, akafaulu. Nilikuwa nimeomba chuo upya na kupata, nikashona sare mpya, nikafunga sanduku. Mama Anjela anarudi, nikawaambia majirani, na mimi naondoka!

Alikuja mchana, amepanda pikipiki, hana begi hata moja. Alinisalimia haraka haraka, akaingia ndani, akaanza kukusanya nguo za mtoto. Nikamuuliza mizigo yake iko wapi. Akasema bila kunitazama, "Skola, mimi nimehamishiwa mjini. Nimeshapata chumba Kibaoni."

Nilidhani ananitania. Kumbe aliomba uhamisho tangu yuko chuoni! Mwaka mzima alikuwa akinipigia simu, akiniuliza Anjela amekula nini, na neno hilo alilimeza. Nilipomwuliza kiapo chake kiko wapi, alisema eti maisha ni kupambana, kila mtu atazame lake.

Anjela alining'ang'ania sketi. Editha akamvuta. Mtoto akalia, "Mama! Mama!" na aliyekuwa anaitwa ni mimi, si yule aliyempakia kwenye pikipiki. Nilisimama pale uwanjani mpaka mlio wa pikipiki ukapotea, kisha mama mmoja akanishtua kwamba mwanawe anahitaji chanjo. Nikarudi kazini.

Masomo yangu yakafia hapo. Kituo kisingeweza kubaki bila muuguzi, na wa kuziba pengo la Editha hakuletwa. Chuo kilinisubiri muhula huo, kikampa mwingine nafasi. Kila mwaka naomba, kila mwaka naambiwa nisubiri aje mwenzangu.

Miezi michache iliyopita gari la wasimamizi lilikuja kukagua kituo. Akashuka Editha, amenenepa, amependeza, sasa ni mmoja wa wakaguzi. Alipita chumba cha uzazi, akagusa gusa vifaa, kisha akaniuliza mbele ya wenzake, kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, siku hizi cheti peke yake hakitoshi. Wewe mbona hujiendelezi?"

Mdomo ulinijaa maneno, wasomaji. Mimi si mtu wa kunyamaza, wanaonijua wanajua. Lakini nilichoweza kutoa ni swali moja tu. "Anjela hajambo?"

"Hajambo, yuko shule ya bweni," akasema, akaenda kwenye chumba cha dawa. Nikabaki na trei yangu ya koleo na mikasi, nikilia kimya kimya, huku mjamzito kitandani akinipa pole bila kujua ananipa pole ya nini.

Wauguzi wenzangu, hasa mlio kwenye vituo vya watu wawili, nawasihi. Zamu yako ya kusoma ikifika, nenda. Usiitoe kwa machozi ya mtu, hata kama mmelala kitanda kimoja. Mtoto wake mpende, mgonjwa wake mhudumie, lakini shule yako usimpe.

Na wewe uliyepishwa ukasoma, ambaye sasa unasoma haya umekaa mjini... yuko mtu anakusubiri. Rudi umpokee kazi.