Picha Iliyokunjwa Uso Ndani

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1969, saa moja na nusu asubuhi, karani Mathayo Chitanda aliingia kwenye ukumbi uliokuwa zamani klabu ya gofu ya Wazungu wa Mtwara, akatazama ukuta wa mashariki, akapiga ukelele. Fremu ilikuwa imening'inia pale pale, lakini picha ndani yake haikuwepo.

Saa mbili kasoro robo Sajenti Gaudensi Komba alishafika kwa baiskeli, jasho linamtiririka, hasira zimemjaa. Na si hasira za kikazi. Mtu huyu wa Songea hakuwahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake, lakini tangu ahamishiwe Mtwara miaka miwili nyuma, kila alipopita hapo kunywa chai alisimama mbele ya picha ile mpaka chai ikapoa.

Wacha nikueleze picha yenyewe, maana bila hivyo utamwona sajenti wa watu kama kachanganyikiwa. Ukumbini kulikuwa na picha tatu za viwanja vya gofu. Ya kwanza ilichorwa na mtu wa brashi nyembamba: majani unaweza kuyahesabu, hata vifungo vya koti la mchezaji vinaonekana. Ya pili ilikuwa ya rangi za maji zilizoyeyukiana. Ukisogea karibu huoni kitu, ukirudi nyuma unaona vilima na mvua. Hizo mbili ni Ulaya. Ya tatu ilikuwa Mtwara yenyewe, saa sita mchana. Rangi yake ilikuwa nene, imekandikwa kama mtu anavyokandika ukuta wa udongo. Nyasi zimeungua kwa jua, mikorosho imesimama myeusi, na katikati kuna duara la mchanga wa kahawia. Hapa kwetu zile nyasi laini za kuzungushia shimo zilikataa kuota, ndiyo maana Wazungu walikuwa wanamwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini. Basi duara lile kwenye picha lilimeta! Ulijikuta unafinya macho kwa mwanga, nawe umo ndani kivulini. Wacha bwana, yule aliyechora alijaliwa.

Picha haikuwa na sahihi, lakini mji mzima ulijua ni ya Mwalimu Andrea Sembuli, anayefundisha kuchora. Kesho yake, Jumatano, ofisa wa utamaduni alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam kuiona, na kumpeleka mchoraji wake ng'ambo kusoma miaka miwili.

Sajenti alipiga magoti. Kitambaa cha picha kilikuwa kimekatwa kwa wembe kufuata ukingo wa fremu. Hakuna kitasa kilichovunjwa. Sakafuni, kuanzia ukutani mpaka mlango wa nyuma, vilikuwa vimedondoka vipande vya rangi vidogo kama kucha. Akaviokota kimoja kimoja, akavitia kwenye bahasha.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alisema Mathayo. "Mmoja wa mlinzi, mzee Athumani Nandonde. Wa pili kachukua Mwalimu Andrea juzi, anapanga viti vya mgeni."

"Na wewe, Mathayo? Nasikia ulisema kwenye mkutano kwamba picha hizi zichomwe, ni mabaki ya ukoloni."

"Nilisema, Afande, sikatai. Lakini jana tangu saa tisa nilikuwa Mikindani msibani, nimerudi leo na gari la saa kumi na mbili. Waulize waliofiwa. Halafu kama ningetaka kuchoma, si ningechoma zote tatu?"

Sajenti aliuliza Mikindani kwa simu. Ilikuwa kweli.

Saa tatu alipopita kituoni, mkuu wake alishamweka mzee Athumani mahabusu. Ana ufunguo, ndiye aliyefunga ukumbi jana saa kumi na moja jioni, na mbali ya picha hakuna kilichoibwa. "Alhamisi asubuhi anafikishwa mahakamani," mkuu alisema. "Usinitafutie maneno, Gaudensi." Mzee mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane. Kifungo kwa umri ule si mchezo.

Saa nne Sajenti alibisha hodi kwa Mwalimu Andrea, mtaa wa Magomeni hapo hapo Mtwara. Mwalimu alimpokea macho mekundu.

"Pole sana, Mwalimu."

"Nimekwisha, Sajenti. Kazi ya mikono yangu! Mgeni anakuja kesho, nitamwonyesha nini?"

"Si utamchorea nyingine?"

"Nyingine?" Andrea alicheka kidogo, akaacha. "Kitu kama kile hakichorwi mara mbili. Barua ya mgeni ilisema nichore mbele yake, lakini kwa huzuni hii mkono wenyewe utashika?"

"Kweli. Ufunguo wako ulimwazima mtu?"

"Uko mfukoni tangu Jumapili. Sasa mtu aibe picha yake mwenyewe?"

Swali hilo Sajenti alirudi nalo barabarani.

Saa nane mchana aliketi mahabusu na mzee Athumani. Zamani mzee huyu alikuwa mfagizi wa uwanja ule: wachezaji wakishapiga mipira yao, yeye huja na gunia kuusawazisha mchanga, akianzia shimoni na kuzunguka kutoka nje, asiache hata wayo wake.

"Mzee wangu, nisaidie nikusaidie. Jana ulifunga milango yote?"

"Yote, mwanangu. Wallahi sikugusa kitu."

"Basi haya nimeyaokota sakafuni." Sajenti alimimina vipande vya rangi kwenye karatasi.

Mzee aliinama kuvitazama. Uso ulimbadilika, akashika kichwa. "Lahaula! Wameikunja uso ndani! Rangi nene ile ukiikunja uso ndani si inabanana na kupasuka? Unaikunja uso nje, taratibu, kama mkeka mpya. Nani kanifanyia hivi?"

Sajenti alimtazama mzee kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kanifanyia?" aliuliza polepole. "Mzee Athumani, ile picha ni yako?"

Mzee aligeukia ukutani. Alipoanza kusema, alisema kwa shida. "Mwaka hamsini na nane Mzungu mmoja mwanamke aliondoka, akaacha rangi zake stoo. Hakunipa. Nilichora wiki tatu, saa ya mapumziko, kwa kijiti na kumbi la nazi. Bwana mkubwa akaikuta stoo, akadhani ya mama yule, akaitundika. Ningesema ni yangu, angeuliza rangi nilipata wapi. Ningekuwa mwizi."

"Na Mwalimu Andrea?"

"Yeye alikuja baada ya uhuru, Wazungu wa klabu wameshaondoka. Watu wakamwuliza, ni wewe? Akacheka tu. Baadaye akaanza kuitika."

"Nitajuaje kwamba husemi uongo?"

"Rangi ya kahawia iliniishia," mzee alisema. "Nikachota mchanga wenyewe pale uwanjani, na mafuta yake, nikaupaka. Vunja kipande hicho."

Sajenti alikivunja, akakinusa: mafuta ya injini, na punje za mchanga. Miaka miwili alikuwa anaustaajabia mwanga wa duara lile, kumbe ni uwanja wenyewe uliobandikwa pale!

Jumatano saa nne na nusu walikusanyika ukumbini. Mgeni, Bibi Sabina Mbilinyi, alisimama mbele ya fremu tupu. Mwalimu Andrea alivaa tai. Mzee Athumani aliletwa na pingu zake.

"Mwalimu," Sajenti alianza, "mwelezee Bibi Sabina, lile duara ulipata vipi kahawia ile?"

"Ni kazi ya kuchanganya," alijibu Andrea. "Nyekundu, nyeusi, manjano kidogo."

"Hakuna kingine?"

"Kingine kipi? Rangi ni rangi."

Sajenti alimpa Bibi Sabina kipande. "Kivunje, mama, juu ya karatasi."

Bibi Sabina alikivunja. Punje za mchanga zilitawanyika, na yeye akakileta kidole puani. "Mafuta ya gari," alisema kwa mshangao. "Na mchanga. Mtu aliyeichora angesahauje hili?"

"Hakuichora. Na aliyeikata aliikunja uso ndani, jambo ambalo mwenye mkono wake asingelifanya. Ufunguo wa pili haukutoka mfukoni mwako, Mwalimu, umesema mwenyewe. Leo ungetakiwa kuchora mbele ya mgeni. Picha ikiibwa, una huzuni, mkono haushiki, na safari unapata. Huyu mzee anakwenda jela kwa kuiba alichokichora yeye!"

Andrea akakaa kwenye kiti alichokipanga mwenyewe.

"Iko jikoni kwangu, nyuma ya kuni," alisema. "Miaka saba nimejaribu kuchora hivyo. Nimejaza stoo nzima. Jana asubuhi niliitandaza chini nikawasha kiberiti. Nikaitazama. Nikakizima. Nikawasha tena, mara tatu, Sajenti. Sikuweza. Ni nzuri mno."

Konstebo alitumwa Magomeni, na saa tano na robo alirudi nayo mabegani. Waliitandaza juu ya meza mbili. Nusu ya duara ilikuwa imebanduka, lakini jua la saa sita mchana lilikuwa bado limo, na Bibi Sabina akafinya macho. Halafu akamgeukia mzee, akapiga goti kidogo kama anayemwamkia baba yake.

Mzee Athumani hakuwa anaitazama picha. Sajenti alikuwa anamfungua pingu, naye macho yake yalikuwa kwa Andrea.

"Kiberiti ulikizima mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe."

"Hukuambiwa na mtu?"

"Nilikuwa peke yangu, mzee."

Mzee alisugua vifundo vya mikono yake palipobanwa na chuma. "Bwana Sajenti," alisema, "ukiandika maelezo yake, na hilo liandike."