Aproni ya Bitutu

Redio ya Motorola ilikoroma chini ya kiti cha gari la Suzuki.

"Arasa, uko wapi?" Dakta Chepkosgei akauliza.

"Sosiot. Naingia kituo cha kununulia majani chai."

"Ndege ya Hartwig inaruka saa kumi."

Hilo alilijua. Kilichomkera ni siku nne za msako na kurudi mikono mitupu. Ratemo, mlinzi wa maabara ya Londiani, alikuwa ameiba utando wa Dakta Chepkosgei ili amuuzie Hartwig, mnunuzi wa kigeni, kisha akauficha kwa mama yake. Ulikuwa plastiki nyembamba ya rangi ya fedha, inayohisi joto la mtu gizani na kutoa umeme. Daktari aliivuta, akaipasha moto, akaipitishia maelfu ya volti. Kazi ya miaka mitatu. Ikirudishwa kwenye moto mkali, inakufa.

Na ilikuwa hiyo moja tu.

Bitutu, mama yake Ratemo, alikuwa kwenye foleni ya mizani. Utando ulikuwa kiunoni mwake, umefanywa aproni ya kuzuia umande wakati wa kuchuma.

Arasa alibana waya mbili za mita ya umeme kwenye pindo, akaweka kiganja.

Sindano ya mita ililala.

Akaupumulia. Haikusogea.

"Mama, hii umeiweka kwa moto?"

"Si lazima ikauke? Kila jioni naanika juu ya jiko. Ilijikunja huku kando, nikakata."

Arasa alitamani kuipiga mizani teke.

Land Rover ilifunga breki nyuma yao. Hartwig akaruka nje, akambana Bitutu, akamwekea bastola shingoni.

"Leta hiyo plastiki."

Bastola ya Arasa, Browning, ilikuwa tayari mkononi. Alimtazama mama, akautazama utando. Akaishusha.

"Mpe, mama."

"Na umande je?"

"Mpe tu."

Hartwig aliondoka mbio, akicheka kama aliyeokota dhahabu.

Arasa akachomoa Motorola kiunoni.

"Daktari, ameenda nayo. Lakini imekufa. Ilianikwa jikoni. Hatapata kitu."

"Na mimi nimebaki na nini, Arasa?"

"Pole, Daktari."

"Miaka mitatu. Haya. Mwambie huyo mama asichome mkono kwenye hilo jiko."

Redio ikazimika. Arasa alivua koti lake la mvua, akamfunga Bitutu kiunoni mahali pa aproni, akakaza fundo. Kisha akaielekea Suzuki polepole, mikono mifukoni, shati likilowa manyunyu.