Sura ya Kumi Iliwapendeza Wasomaji

Sura ya tisa ilianza kutukanwa kabla chai haijapoa.

"Mwandishi, hii ni nini sasa? Jasusi gani anakimbia mu matope ya Kamatanda na viatu vya harusi?"

"Minye nimemaliza ba mega yangu ya simu bure."

"Adui yako ni mujinga. Hadithi yenye adui mujinga haina utamu."

Hortense Kalumba aliyasoma yote akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, katika chumba cha kupanga pale Kikula, mjini Likasi. Simu ya Tecno mkononi, bastola ya Glock mapajani. Hakukasirika hata kidogo. Matusi ndiyo aliyokuwa akiyatafuta.

Kwa watu mia tano na ushei wa kile kikundi cha WhatsApp, yeye alikuwa Mwandishi tu, mtu asiye na sura anayewapa hadithi ya kijasusi kipande kwa kipande. Wengi walikuwa wachimbaji wa Kamatanda na Kambove, wachuuzi, mama lishe, madereva. Kwa Idara ya Ujasusi alikuwa ajenti, na hadithi ilikuwa chambo.

Mtu fulani mjini Likasi alikuwa akichota mawe ya uraniamu kutoka shimo la zamani upande wa Kambove na kuyavusha Zambia, kwa mnunuzi mgeni aliyekuwa na hamu ya kuua watu wengi kwa mpigo. Idara haikujua anayavushaje. Ni Firmin, mkuu wake, aliyepata wazo.

"Watu wa magendo wanapenda hadithi za magendo," alisema. "Waandikie vibaya. Mwenye kazi yake atashindwa kunyamaza."

Akaandika vibaya. Akawafanya maadui wa kwenye hadithi wafiche mawe chini ya magunia ya mkaa, kama watoto.

Lakini wakati chambo kikielea, Alphonse alikamatwa.

Alphonse alikuwa ajenti, na alikuwa mume wake. Alitumwa Kambove kupeleleza kwa miguu, hakurudi. Kilichokuja ni video: Alphonse shimoni, mikono nyuma, maji magotini, mdomo umevimba kama andazi. Sauti ya kiume ilisema, "Achana na mawe, utarudishiwa bwana yako." Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na mngurumo wa mashine.

Alimpenda mume wake. Nasema mapema na nasema wazi, maana mtu anaweza kusoma yanayofuata akadhani huyu mwanamke alizaliwa bila moyo. Moyo alikuwa nao, na siku ile ulimtesa vibaya.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Papa Bertin.

Kila mtu kikundini alimjua Papa Bertin, fundi wa sauti wa kanisa moja la maombi hapo hapo Kikula. Mtu wa maoni marefu. Sura isipomridhisha, alikuwa anakemea utadhani ameibiwa kuku.

"Mwandishi, weye unaona siye bajinga? Makala, ule mukaa wako! Ku bariyeri yote baaskari banachoma magunia ya makala na chuma. Muntu wa akili anaweka mu bafle, zile spika kubwa za kanisa. Unatoa spika ya ndani, unapanga mawe, unafunga. Askari gani atafungua bafle ya Mungu?"

Kikundi kikacheka. Emoji zikamiminika.

Halafu ujumbe ukafutwa.

Hortense akasimama. Mtu anayetania hafuti utani uliochekesha.

Akamwandikia faraghani, taratibu, kwa adabu zote. "Papa Bertin, maoni yako yana akili kuliko ya wote. Nisaidie sura ya kumi. Jasusi wangu amekamatwa, nimemfungia stoo ya unga. Watanicheka?"

Majivuno ni ugonjwa, na Bertin alikuwa mahututi. Jibu lilikuja haraka.

"Batakucheka sana. Unamushusha mu shimo ya maji, kama zile za Kamatanda. Motopompe inanyonya maji, muntu anaishi. Unazima motopompe, maji inarudia fasi yake. Hakuna risasi, hakuna damu. Andika vile, Mwandishi."

Hortense aliisoma mara mbili. Mashine ile ya kwenye video.

Kisha akachukua redio ya Motorola.

"Mlima, hapa Shaba."

"Sema, Shaba," alijibu Firmin.

"Bafle za kanisa. Fundi wa sauti, Bertin. Leo wanatoka kwenda kampeni ya maombi Kasumbalesa."

"Mpakani. Mfuate."

"Alphonse yuko shimoni Kamatanda. Shimo la maji lenye motopompe. Tuma watu, Shefu."

"Watu wangu wote wako Lubumbashi na mpakani wakimsubiri mnunuzi. Na polisi wa pale wanakula sahani moja na Bertin."

"Shefu."

"Mawe kwanza, Shaba."

Hortense akachukua ufunguo wa pikipiki.

Wanakwaya walikwisha kutangulia na basi, wakiimba. Gari la vyombo, Hiace nyeupe yenye jina la Yesu kioo cha nyuma, liliondoka peke yake. Bertin na dereva mmoja mwenye shingo nene.

Hortense alikuwa nyuma yao juu ya pikipiki, miwani nyeusi, kitenge kiunoni kama mama yeyote anayewahi soko. Wakapita vibanda vya Kikula, wakapita nyumba za mwisho, barabara ya Lubumbashi ikafunguka.

Kwenye bariyeri ya kwanza barabarani, askari alipiga saluti. Akaomba aombewe.

Bertin akamwombea.

Kwenye mteremko usio na watu, Hortense aliongeza mafuta, akaifikia Hiace ubavuni. Risasi moja. Tairi la nyuma likapasuka. Gari likayumba, likaingia majanini, likaegemea kichuguu.

Dereva alitoka na AK.

Alitoka kwa kuchelewa kidogo. Risasi ya Hortense ilimpata kooni, akakaa chini taratibu, mkono shingoni, anashangaa. Hortense alimruka. Hakumtazama tena.

"Toka. Mikono juu."

Bertin akatoka. Mtu wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa. Alimtazama kutoka miguu hadi kichwa, akatabasamu.

"Maneno yangu ya bafle njo imekuleta. Kumbe ni weye Mwandishi. Minye nilifikiri ni mwanaume."

Hortense alimfunga pingu, akamfunga na mlango wa gari. Kisha akatoa pawabenki mfukoni. Ndani yake mafundi wa Idara walikuwa wameficha kipima mionzi. Aliisogeza kwenye bafle ya kwanza, ikatetemeka mkononi kama panya aliyekamatwa. Akafungua kwa bisibisi. Ndani, yamefungwa kwa majoho ya kwaya, mawe meusi mazito.

Bafle zote zilikuwa hivyo.

"Mlima, hapa Shaba. Mawe ninayo. Bertin ninaye."

"Safi sana. Usiondoke. Wale wa Lubumbashi wanakuja kwako."

Bertin alikohoa kwa adabu, kama mtu anayeomba nafasi kwenye mkutano.

"Mama Hortense. Bibi ya Alphonse njo weye; jina lako aliniambia nilipomung'oa meno mawili. Sikiliza sasa. Kijana wangu Glody eko ku motopompe. Nikifika Zambia, nitamupigia na namba ya Zambia. Akiona ile namba, anamutoa bwana yako. Asipoiona mpaka jioni, anazima. Unaweza kunichapa mpaka kesho, namba ya Zambia haitatoka hapa."

"Shimo lipi?"

"Kamatanda iko na mashimo kama mbingu iko na nyota. Badilisha tairi, mama. Niache nipite. Utalala na bwana yako leo."

Hortense alitazama barabara. Hakuna mtu. Tairi la akiba lilikuwepo. Mawe yale yangefika kwa mgeni, na mahali fulani, katika mji asioujua, watoto wangetapika damu. Na Alphonse angerudi nyumbani.

Alitamani sana. Tusidanganyane. Mkono wake ulishika jeki.

Akairudisha chini.

"Hapana," alisema.

Halafu akakumbuka wasomaji.

Nusu yao walikuwa Kamatanda saa ile ile, na matope miguuni. Wao wangejua ni motopompe ipi inanguruma kwenye shimo lisilochimbwa na mtu. Akakaa juu ya bafle ya Mungu, akaandika kwenye kikundi.

"Sura ya kumi. Hii si hadithi. Mimi ni Mwandishi na mume wangu Alphonse amefungwa shimoni Kamatanda sasa hivi. Shimo lina maji na motopompe inayofanya kazi bila wachimbaji. Anayeliona, kimbia na wenzako, mtoeni. Nawaomba kwa jina la Mungu."

Akatuma.

Bertin alinyoosha shingo akasoma. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

"Ee mama. Glody naye eko mu kikundi. Ule mwenye jina Simba wa Kambove njo yeye. Anakupenda kunishinda."

Simba wa Kambove. Huyu alikuwa anampigia makofi tangu sura ya kwanza.

Maoni yakaanza kuingia.

"Waaa! Mwandishi amerudi!"

"Hii sasa njo hadithi. Nimesikia baridi ku mugongo."

"Eti si hadithi! Mwandishi, weye ni mushetani."

"Fupi sana. Ongeza."

"Ile motopompe nyuma ya miti ya mikalatusi, inakunywa esansi ya petroli bure kila siku, si njo hiyo? Mwandishi alitembea huku kweli!"

Huyu alikuwa Jeancy, mchimbaji. Alikuwa ameliona shimo. Alikuwa amelitaja. Hortense akabonyeza haraka: "Jeancy, kimbia hapo sasa! Kweli kabisa!"

"Hahaha, nitakimbia, Mwandishi. Nimalize kwanza kula bukari."

Chini ya Jeancy, Simba wa Kambove aliandika.

"Sura ya moto hii. Ngoja nizime kelele ya hapa nisome muzuri."

Watu ishirini wakampigia kidole gumba.

Hortense alitoa sauti ambayo Bertin mwenyewe aliacha kucheka aliposikia. Akashika kitufe cha sauti. Kwa mara ya kwanza wasomaji walimsikia Mwandishi, mwanamke anayelia, anayekwama kwenye maneno. "Anazima motopompe. Alphonse anakufa. Miti ya mikalatusi, nendeni, jamani, mume wangu anakufa maji, nendeni."

"Yesu! Iko na sauti muzuri sana."

"Kumbe ni mama! Actrice wa kweli wa filimu!"

"Nimelia. Nasema kweli mbele ya Mungu, nimelia."

"Hii sauti uiweke mu filimu."

Hakuna aliyeinuka. Mia tano na ushei, wote wamekaa, wanamsifu.

Ni mmoja tu aliyekwenda. Mama Clotilde, muuza bukari, ugali wa huko, ambaye hakuwahi kutoa maoni yoyote kwa sababu hakuwa na muda wa maoni. Kilio kile alikisikia kwenye simu ya Jeancy, aliyekuwa anakula kwake. Alikuwa amezika waume wawili, na kilio cha mjane alikijua. Aliacha sufuria motoni, akakimbia na kandambili zake.

Ujumbe wake wa sauti ulikuja baadaye. Pumzi tupu mwanzoni.

"Mwandishi. Mama. Motopompe imezimwa, hakuna muntu, kijana amekimbia na pikipiki yake. Maji imejaa juu juu. Niliingiza muti murefu, haufiki chini. Kuko shati inaelea. Ya bluu. Pole, mama. Pole sana. Nilikimbia, lakini minye ni muzee."

Shati la bluu. Hortense ndiye aliyemfungia vifungo vyake asubuhi ile ya kuondoka.

Aliweka simu juu ya bafle. Hakulia tena. Machozi yalikuwa yamekwenda yote kwenye ule ujumbe wa sauti, na watu walikwisha kuyafurahia.

"Pole, Mwandishi," alisema Bertin. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. "Lakini tusemezane kweli. Hii njo sura yako ya muzuri kushinda zote."

Hortense akafungua sanduku la vyombo vya ufundi. Akachagua koleo la kukatia waya.

Vijana wa Lubumbashi walipofika na Land Cruiser zao, walikuta mawe yamepangwa, dereva amefunikwa joho la kwaya, na Bertin ameketi majanini, uso wa kijivu, ametapikia shati lake jeupe. Firmin aliita kwenye redio.

"Shaba, hapa Mlima. Mgeni tumemkamata mpakani, na fedha zake. Bertin yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anaweza kuandika maelezo?"

"Atasema kwa mdomo. Vidole gumba hana tena."

Redio ilikoroma kidogo.

"Kwa nini, Shaba?"

"Alikuwa na maoni mengi."

Firmin akauliza jambo lingine, kwa sauti ndogo zaidi. "Na Alphonse?"

"Mawe kwanza, Shefu. Mawe unayo."

Alizima redio, akamkabidhi kijana wa kwanza aliyekuwa karibu. Kijana huyo alitaka kusema pole, akaona uso wake, akaimeza.

Hortense akafunga kitenge upya kiunoni, akafuta miwani, akaipandisha puani. Simu ikatetemeka. Kikundi kilikuwa kimesikiliza ujumbe wa Mama Clotilde. Sasa Jeancy ameandika.

"Bandugu, huyu Mama Clotilde naye! Sikujua anacheza muzuri hivi."

Makofi yakafuata, mengi kuliko ya sura zote.

Hortense aliiacha simu pale pale juu ya bafle, ikitetemeka yenyewe. Akapanda pikipiki, akaigeuza kuelekea Kamatanda. Alihitaji kamba ndefu ya kumtoa Alphonse majini, na alijua duka linalouza.